Umeme mtupu au haibridi ya plagi: namna ya kuchagua SUV ya familia ukiwa Unguja au Pemba

Asalaam aleykum jamani. Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila siku. Juzi mtu wa Wete, jana mtu wa Bububu, wote washaiona gari mtandaoni, washaipenda na rangi, wananiuliza "ninunue ya umeme mtupu au ile yenye plagi na petroli?" Nikimuuliza gari italala wapi usiku, kimya. Sasa nakaa naandika yote pamoja, uyasome kabla hujatuma pesa, maana ikishapanda meli hairudi.

Kwanza tuelewane majina, hapa watu wengi wanachanganya.

Umeme mtupu haina injini kabisa, ina betri kubwa tu, nyingi za saizi ya familia zina kati ya uniti (kWh) 45 na 90. Haibridi ya plagi (huandikwa PHEV au PHV) ina betri ndogo, uniti 12 mpaka 20 hivi, unaichaji ukutani, ikiisha inaendelea na petroli. Haibridi ya kawaida haichajiwi popote, inajichaji yenyewe ukiendesha. Na angalia sana, Nissan zilizoandikwa e-POWER haziingii plagi, haina hata mdomo wa kuchajia, japo muuzaji atakwambia "hii ya umeme". Nimeshamuona mtu kaagiza X-Trail e-POWER kisha akatafuta mdomo gari nzima. Gari nzuri, lakini sio alichokitaka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Risiti za Tukuza, yaani za umeme wa kulipia kabla, za miezi mitatu iliyopita.
- Daftari la kuandikia kilomita zako za wiki moja. Lazima iwe wiki nzima, na Ijumaa na Jumapili zimo.
- Fundi umeme wa nyumba, fundi wa kweli, sio kijana anayejua kufunga balbu.
- Kidude cha OBD2 cha bluetooth, kile cha kusoma kompyuta ya gari, na simu, kama gari ishafika kisiwani na unaweza kuikagua.
- Wakala wa forodha atakayekuandikia hesabu ya kodi kwa karatasi, kwa namba ya chesisi ya gari yenyewe.
- Picha ya mdomo wa kuchajia. Muuzaji akikataa kuipiga picha achana nae.

Hatua kwa hatua

1. Anza na pahala gari inapolala.

Hili ndilo linaloamua kuliko bei, kuliko jina la gari. Kama una uwa wako Tomondo, Mazizini, Fuoni, gari inaingia ndani na soketi ipo karibu, endelea kusoma, zote mbili zinakufaa. Kama unakaa fleti za Michenzani ghorofa ya nne au ndani ya Mji Mkongwe na gari unaiacha nje huko Malindi au Darajani, hutoshusha waya dirishani kila usiku, usijidanganye. Hapo mimi nakwambia wazi chukua haibridi ya kawaida. Haibridi ya plagi usiyoichaji ni hasara ya wazi, unabeba betri nzito na mota zake kila siku halafu unalipia petroli tu.

Nyumba ya kupanga? Zungumza na mwenye nyumba kabla, na mkubaliane mita ni ya nani. Ugomvi wa uniti unavunja ujirani.

2. Pima safari zako, usizikisie.

Asubuhi andika kilomita, usiku andika tena, siku saba. Wengi wanashangaa. Mtu wa Kiembesamaki anaepeleka watoto skuli, anakwenda kazini mjini, anapita sokoni Mwanakwerekwe, jioni anarudi, mara nyingi hafiki kilomita 40. Kisiwa chenyewe cha Unguja urefu wake kama kilomita 85. Mjini mpaka Nungwi ni kama 60, Paje kama 50, Makunduchi kama 65. Pemba, Chake mpaka Wete kama 30, na Chake mpaka Mkoani 30 nyengine.

Sasa SUV ya umeme ya saizi ya kati hula kama uniti 18 kwa kilomita 100, AC ikiwa inawaka na watu wamejaa weka 20. Betri ya uniti 60 basi inakupeleka Nungwi ukarudi, ukaenda tena ukarudi, na inabaki. Ile hofu ya "itaniishia njiani" inatoka kwa watu wa bara wanaokwenda Dar mpaka Mbeya, sisi haituhusu hivyo. Anaepaswa kuhofu ni mwenye gari ya kupeleka wageni, anaezunguka kilomita 250 kwa siku bila kupumzika, au anaevusha gari kwenda bara mara kwa mara.

Haibridi ya plagi kama Mitsubishi Outlander PHEV ya zamani, ile ya uniti 12, kwa umeme peke yake inakupa kilomita 35 mpaka 45 betri ikiwa bado nzima. Yaani mizunguko ya mjini yote umeme, ukienda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa injini inaingia njiani. Toyota RAV4 PHV iliyotoka Japani mwaka 2020 ina uniti 18.1, hiyo ni mbali zaidi, na bei yake ni mbali zaidi pia.

3. Kagua soketi, kabla ya gari.

Hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nyumba zinapoungua.

Mwaka juzi jirani yangu aliniita alfajiri, anasikia harufu. Nikaingia, gari imechomekwa kwenye ekstensheni ya kawaida ile ya soketi nne, ekstensheni imepitishwa chini ya mlango, na soketi ya ukutani ilikuwa nyeupe imekuwa rangi ya kahawa, pini ya plagi imegandana na plastiki, kuichomoa ilibidi tuzime meni kwanza na kutumia koleo. Dakika chache nyengine pazia lingeshika. Pasi ya nguo inavuta umeme mwingi kama huo lakini kwa dakika kumi, gari inavuta masaa manane bila kupumua. Soketi iliyolegea kidogo tu inapata moto.

Basi fundi akufanyie hivi: waya wake peke yake kutoka kwenye bodi mpaka pahala pa gari, usichanganywe na jiko wala friji. Waya wa 6 mm ili baadae ukitaka chaja ya ukutani ya ampea 32 usivunje tena ukuta. Breka yake mwenyewe na ile ya kukata umeme ukivuja. Na ethi ya kweli, chuma kimezama ardhini, kipimwe. Nyumba zetu nyingi za zamani ethi ni jina tu.

Kisha hesabu ya muda. Plagi ya pini tatu kwa ampea 10 inakupa kama kilowati 2.3. Outlander ya uniti 12 inajaa kwa masaa sita hivi. Gari ya uniti 60 kutoka sifuri inachukua zaidi ya siku nzima, na hapo watu wanakata tamaa, lakini hebu fikiri, wewe leo umetembea kilomita 40, umetumia uniti 8, usiku unarudisha uniti 8 tu. Masaa manne. Hujazi betri nzima kila siku kama vile hujazi tangi kila siku.

4. Piga hesabu kwa namba zako.

Chukua risiti ya Tukuza, gawa pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, hiyo ndio bei yako halisi, makato yote yamo ndani. Bei ya petroli chukua ile ya mwezi huu iliyotangazwa na ZURA, mamlaka ya nishati na maji ya Zanzibar. Mfano, na huu ni mfano tu wa kuonesha njia, tuseme uniti moja shilingi 500 na lita moja ya petroli shilingi 2,900:

Umeme mtupu, kilomita 100, uniti 20 pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji: shilingi 10,000.
Haibridi ya plagi kwa umeme, uniti 22: shilingi 11,000.
Hiyo hiyo kwa petroli, lita 7: shilingi 20,300.
SUV ya petroli ya kawaida, lita 10: shilingi 29,000.

Umeona? Haibridi ya plagi faida yake yote ipo kwenye kuchaji, ukiacha kuchaji inakaribia haibridi ya kawaida uliyoilipia pesa nyingi zaidi. Weka namba zako hapo, zidisha kwa kilomita zako za mwaka, ndio utajua ile tofauti ya bei ya kununulia itarudi baada ya miaka mingapi. Mtu wa kilomita 20 kwa siku mara nyingi hairudi haraka, na ni bora umwambie ukweli mapema.

5. Soma bei inavyokwenda kabla hujaweka amana.

Bei za gari hizi zimeyumba sana miaka ya karibuni. Januari 2023 Tesla ilipunguza bei, wengine wakafuata, viwanda vya China vikaingia vita ya bei wenyewe kwa wenyewe, na lithiamu ya betri iliyopanda sana mwaka 2022 ikaanguka. Mpya ikishuka, iliyotumika inaivuta chini, Uingereza mwaka 2023 gari za umeme zilizotumika zilishuka bei kweli kweli.

Ila chuja habari. Marekani walikuwa na nafuu ya kodi ya dola 7,500 ikafutwa Septemba 30, 2025, watu wakaanza kuniuliza bei itashuka kwetu? Gari za Marekani usukani kushoto, sisi hazituhusu. Za kwetu zinatoka zaidi Japani, na kidogo Uingereza, kwa hiyo angalia yeni. Gari ya yeni milioni 2 mwaka 2021 dola moja ikiwa yeni 110 ilikuwa kama dola 18,000. Julai 2024 dola ilipovuka yeni 160, gari ya bei hiyo hiyo ikawa kama dola 12,500. Shilingi yetu nayo ilishuka kipindi hicho, kutoka kama 2,300 mpaka 2,650 hivi kwa dola, lakini bado unatoka milioni 41 na ushei unafika kama milioni 33, kabla ya meli na kodi.

Kwa hiyo usichukue bei aliyokwambia shemeji aliyenunua mwaka jana. Chukua bei tatu za wiki hii za gari ya mwaka ule ule na kilomita zinazokaribiana. Na mwenye gari ya umeme ya miaka mitatu iliyopita anaekuuzia hapa kisiwani kwa "bei niliyonunulia", mueleze kwa upole kuwa soko limeshuka.

Kodi ya gari ya umeme na ya haibridi hazipigwi hesabu sawa, na umri wa gari unaingia humo, ndio maana nimesema wakala akuandikie kwa namba ya chesisi.

6. Tazama mdomo wa kuchajia na usukani.

Gari za Japani zina mdomo wa Type 1 kwa kuchaji pole pole na CHAdeMO kwa haraka. Za Uingereza nyingi Type 2 na CCS2. Za soko la ndani la China zina GB/T, usukani kushoto, sahau. Kwetu ambako utachaji nyumbani, mdomo wa haraka sio wa kufa na kupona, muhimu ni upate waya wa 230V wenye plagi ya pini tatu ya kwetu na mdomo unaoingia kwenye gari yako, ule wa kupunguza na kuongeza ampea. Waya unaokuja na gari ya Japani una plagi ya kijapani, usimwachie mtu akate kichwa na kuunga.

7. Pima afya ya betri.

Kilomita kidogo sio dawa. Betri inachoka kwa umri na kwa joto, na sisi joto tunalo Januari mpaka Disemba. Nissan Leaf za zamani, kabla ya ile mpya ya 2025, japo sio SUV wengi mnaniuliza, betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji, inachoka haraka kwenye joto. Tazama vijiti vya pembeni kwenye dashibodi, vinakuwa 12, kikiondoka cha mwanzo ujue kama asilimia 15 ishakwenda. Outlander ya uniti 12 chomeka OBD2, betri mpya inasoma ampea-saa 38 mpaka 40. Chini ya 30 mimi sinunui kwa bei yoyote ya maana. Ukipata gari ya betri ya aina ya LFP, kama BYD Atto 3, ni bora kwa hali yetu, inastahimili kujazwa mpaka asilimia 100. Nyengine za kawaida jizoeshe kuishia 80 siku za kawaida, jaza yote ukiwa na safari.

Hyundai Kona ya umeme ya 2018 mpaka 2020 iliitwa kiwandani kwa hatari ya betri kuwaka, kwa hiyo ukiipata taka karatasi ya kuonesha imeshughulikiwa.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nililipia gari kwa picha tu, muuzaji kaniandikia "betri nzuri sana", ilipofika bandarini Malindi nikachomeka kidude nikaona imebaki kama nusu. Pesa haikurudi. Tangu siku hiyo nataka picha ya kipimo chenyewe, na namba ya chesisi ionekane kwenye picha hiyo hiyo.

8. Hesabu viti, tairi na chumvi.

Outlander PHEV ya zamani ina viti vitano tu, betri na mota ya nyuma vimechukua nafasi. Ile mpya ya kuanzia mwisho wa 2021 ndio ina ya viti saba na betri ya uniti 20. Familia ya watoto watano na bibi, lijue hilo mapema. Nyingi ya gari hizi hazina tairi la akiba, zina kopo la dawa na pampu, kwa njia za ndani za shamba tafuta tairi lako uweke nyuma.

Mwenye nyumba karibu na pwani aoshe chini ya gari kwa maji baridi mara kwa mara, na asiipaki kwenye mchanga wa ufuoni bamvua likija. Gari iliyowahi kuingia maji ya chumvi usinunue, hata bure.

9. Sasa chagua.

Una uwa, soketi imetengenezwa, safari zako za kisiwani, na pesa inatosha gari ya 2020 kuja juu: umeme mtupu. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za injini, hakuna foleni ya kituoni meli ya mafuta ikichelewa.

Umeme wa mtaa wako unakatika sana, au gari ni moja tu nyumbani na lazima iwake usiku mtoto akiumwa: haibridi ya plagi. Na hapa siwezi kusahau, umeme wetu Unguja unakuja kwa waya chini ya bahari kutoka bara, mwaka 2008 ulikatika karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu. Waya mkubwa wa megawati 100 uliingia 2013, hali sio ile tena, lakini waliochota maji kwa ndoo miezi ile wanaelewa kwa nini mtu anataka na tangi la petroli. Pemba nayo inapata kwa waya wake kutoka Tanga tangu 2010.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuchaji magharibi. Ramadhani hasa, kuanzia alasiri kila jiko linawaka, umeme unakuwa mdogo mtaa mzima, meni inaruka futari ikiwa motoni. Weka saa ya gari ianze baada ya tarawehe, mpaka daku ishajaa.

Kuchomeka friji kwenye soketi ya ndani ya Outlander. Ile inatoa volti 100 za Japani, wati 1,500, vyombo vyetu ni 230. Utaunguza friji.

Kuacha petroli ile ile tangini miezi sita kwa sababu "natumia umeme". Petroli inachacha. Tia kidogo kidogo na uache injini iwake mara moja moja.

Ikigoma

*Chaja inawaka taa nyekundu, gari haili umeme.* Mara nyingi ni ethi haipo au imelegea. Jaribu nyumba nyengine yenye ethi nzuri, ikikubali basi tatizo ni nyumba yako sio gari.

*Gari haiwaki kabisa, dashibodi giza, na jana ilikuwa imejaa.* Betri ndogo ya volti 12 imekufa. Usiguse waya za rangi ya chungwa, hizo ni za umeme mkubwa. Bustia ile ndogo kama gari ya kawaida kwa kufuata kitabu cha gari, kisha ibadilishe.

*Plagi ya moto mkononi.* Zima, chomoa, shusha ampea mpaka 8, ita fundi abadilishe soketi. Vuguvugu ni sawa, ikiwa huwezi kuishika sio sawa.

*Haibridi ya plagi inawasha injini na betri imejaa.* Tazama kama umekanyaga sana, au mtoto kagusa hita, hita inaita injini. Au petroli imekaa muda mrefu na gari inaizungusha yenyewe, ongeza lita kumi na tano mpya uone.

*Kilomita zimepungua ghafla.* Pima upepo wa tairi kwanza, kisha angalia breki kama zinashika, chumvi inazigandisha pini kwa gari zinazolala pwani. Vyote vikiwa sawa ndio uchomeke OBD2 na ulinganishe na ile picha ya kipimo uliyoihifadhi siku unanunua.